Fundi wa Mwanza akienda kujenga kambi ya jeshi vitani, huyo ni raia au ni sehemu ya vita?

Wakuu salama? Naleta hii mada hapa maana huku Igogo kwenye karakana za kuchomelea ndo habari ya mjini. Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 vijana kibao waliokuwa kule, mafundi nondo, wachomeleaji, madereva wa vijiko, wamerudi mtaani, sasa kuna mawakala wanapita wanatafuta watu wa kwenda kujenga "kambi" nje ya nchi. Nimeonyeshwa tangazo moja kwenye simu: mshahara dola, kula na kulala bure, kazi ni kumwaga zege, kufunga nondo na kujaza mchanga yale makapu makubwa ya waya yanayozungushwa kambini kuzuia milipuko. Kwenye kituo cha kazi imeandikwa "utajulishwa ukifika". Utajulishwa ukifika jamani!

Wapo wanaosema kazi ni kazi, zege la kambi na zege la daraja ni lile lile. Wengine wanasema ukienda umeshakuwa askari asiye na bunduki, ukipigwa usilie. Mi naona wote wanakosea. Kisheria fundi anabaki raia, haruhusiwi kulengwa labda ashike silaha au aingie mapigano moja kwa moja, lakini kile anachojenga, uwanja wa ndege za kivita, ghala la risasi, hiyo ni shabaha halali kabisa. Maana yake bomu linaweza kuanguka kwenye njia ya kurukia uliyokuwa unamwaga zege asubuhi na aliyelirusha asiwe na kesi, ilimradi alipima madhara kwa raia yasipite kiasi. Kwa hiyo uraia peke yake haukukingi, kinachokusaidia ni makaratasi uliyonayo kabla hujapanda ndege. Mkataba wa Geneva wa tatu wa 1949, ibara ya 4, unawataja wakandarasi wanaofuatana na jeshi, wakikamatwa wahesabiwe mateka wa kivita, na jeshi husika linatakiwa liwape kitambulisho. Sasa nani kati ya hawa mawakala ashawahi kukitaja hicho kitambulisho?

Karibuni.

Nondo za Mabatini: Kaka mleta mada unatutisha bure. Mimi nina watoto wanne na ada. Waganda ng'ambo ya ziwa hapo walienda Iraki kwa maelfu kuanzia 2005 kulinda kambi za Wamarekani, tena wao na bunduki kabisa, na wengi walirudi wakajenga. Mimi sishiki bunduki nashika koleo na binding waya. Nitakuwaje sehemu ya vita?

Baharia Mstaafu: Kijana, Liemba unaijua? Ile meli Wajerumani waliileta vipande vipande kwenye makasha, na mafundi watatu raia wakatumwa kutoka Papenburg 1913 kuja kuiunga Kigoma. Vita ikawakuta hukohuko. Iliposhushwa majini 1915 ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Ribiti walizokuwa wanagonga hao mafundi ni zile zile, ila Julai 1916 wao wenyewe walipaka mashine grisi ili isioze kisha meli ikazamishwa makusudi isichukuliwe na adui. Koleo halikuulizi linachimba nini, mwenye kambi ndo anajua.

Nondo za Mabatini: Shikamoo mzee. Nimekusikia ila hao walikuwa wanatumikia nchi yao.

Msomaji wa Capri Point: Naongezea hapo. Kisiwa cha Wake, Pasifiki, Desemba 1941: raia kama 1,100 walikuwa wanajenga kambi ya jeshi la wanamaji la Marekani, Wajapani wakaiteka. Wengi wakapelekwa kwenye kambi za mateka, 98 wakabakizwa wafanye kazi kwa nguvu, na Oktoba 1943 wakauawa wote. Kamanda aliyetoa amri alinyongwa 1947 lakini hao 98 hawakurudi. Mwaka 1942 Marekani ikaanzisha vikosi vya ujenzi vyenye sare na silaha, sababu mojawapo ni kwamba raia akikutwa anajibu mashambulizi anaweza kuuawa kama mpiganaji haramu. Wenye jeshi lao wenyewe waliona uraia wa fundi hautoshi. Halafu mleta mada, hiyo hadhi ya mateka wa kivita ni kwa vita ya nchi na nchi, vita nyingi za sasa ni serikali na vikundi, huko hata ukiwa na kitambulisho anayekukamata haangalii.

Mleta mada: Hapo umenisaidia kweli. Na kwa ndugu yangu wa nondo, Wanepali 12 waliouawa Iraki Agosti 2004 na wao hawakushika bunduki. Familia zao zilisema waliahidiwa kazi za hoteli Jordan, wakajikuta njiani kwenda kambi ya Wamarekani yenye uwanja wa ndege za kijeshi. Sheria ya Marekani ya 1941 inamlazimu mkandarasi wa kambi zao kuwakatia bima wafanyakazi hata wageni, ila ajira ikishapita mikono ya wakandarasi wadogo watatu, mjane wa kijijini atajuaje kama kuna cha kudai? Mimi simkatazi mtu kwenda. Muulize wakala nchi gani, jeshi gani, bima ya nani, maiti inarudishwa na nani. Akianza kukuita kamanda na kukupiga mabegani ujue hana majibu.

Mtoto wa Bugando: 😂 Kwani kukaa nyumbani ndo salama? 1979 ndege ya Libya ilikuja kupiga Mwanza ikakosa mji, ikaua swala pale Saanane. Swala walikuwa wakandarasi wa nani?

Mama wa Kirumba: Nyie mnacheka. Mwanangu ni mchomeleaji, kasaini wiki iliyopita karatasi ya Kiingereza hajaielewa, na wakala kachukua pasipoti yake anasema ni ya viza.

Mleta mada: Mama shikamoo. Hiyo pasipoti airudishiwe kwanza, nyingine baadaye. Hiyo karatasi piga picha kurasa zote, kisha nendeni na kijana ofisi ya kazi mkaulize kama huyo wakala ana leseni ya kupeleka watu nje, na kitengo cha serikali cha huduma za ajira pia. Akikataa kurudisha nendeni polisi. Anasafiri lini?

Mama wa Kirumba: Kaambiwa Ijumaa.