Neno "sociology": kwa nini nusu Kilatini, nusu Kigiriki?

Mdadisi:
Wanajamvi, salaam. Nimesoma mahali kwamba neno la Kiingereza "sociology", yaani elimu ya jamii, ni chotara wa Kilatini na Kigiriki, na kwamba wasomi wa karne ya 19 walilibeza kwa sababu hiyo. Naomba kufahamishwa ni nani aliyelibuni, na kwa nini hakutumia Kigiriki kitupu kama ilivyo kwa biolojia na jiolojia.

Kalamu ya Mwanzi:
Ndugu Mdadisi, mwanzo wa neno hilo ni "socius" ya Kilatini, yaani mwenzi au mshirika, na mwisho wake ni "logia", inayotokana na "logos" ya Kigiriki, yaani neno, hoja au maelezo. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa, ambako mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alilichapisha mwaka 1839. Awali aliiita taaluma hiyo fizikia ya jamii, lakini mwaka 1835 Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, alilitia jina hilohilo katika anwani ya kitabu chake, jambo lililomuudhi Comte hata akaona heri atafute jina lake mwenyewe.

Bin Sarufi:
Kuhusu kubezwa, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliliita neno hilo uharibifu wa lugha wenye manufaa mwaka 1843, naye akaendelea kulitumia, jambo ambalo kwangu linaeleza mengi kuliko lawama yenyewe. Tazama pia irabu "o" iliyo katikati: Kilatini huunga maneno kwa "i", kama katika "agricola", yaani mkulima, ilhali "o" ni kiungo cha Kigiriki, hivyo mzizi wa Kilatini umevishwa vazi la Kigiriki kabla hata ya kufika kwenye "logia". Comte hakuona aibu. Alijitetea kwamba mchanganyiko huo unakumbusha chemchemi mbili za ustaarabu wa Ulaya.

Mdadisi:
Ahsanteni sana. Je, Kigiriki kitupu kingewezekana?

Kalamu ya Mwanzi:
Kingewezekana, maana Wagiriki wa leo husema "koinoniologia", kutokana na "koinonia", yaani jamii.

Bin Sarufi:
Nyongeza ndogo: Kalamu amesema Comte "alilichapisha", wala hakusema alilibuni, naye amefanya vyema, kwa sababu Emmanuel Sieyès, kasisi na mwanasiasa Mfaransa, alikwisha kuliandika katika miswada yake ya miaka ya 1780, ambayo haikuchapishwa enzi za uhai wake.