Ushauri: Bosi anataka madai yaongezwe "maana yatakatwa tu"

Mkadiriaji_Mdogo: Wakuu, habari za kazi. Michoro ya misingi ilichelewa kwa mhandisi (msimamizi wa mwenye mradi) siku 30. Ndani ya siku hizo ekskaveta yetu ilikuwa mbovu siku 12. Bosi anataka tudai muda na pesa za siku zote 30, mtambo kwa bei kamili ya kazi, na daftari la saiti liandikwe upya ili ubovu usionekane. Mkataba ni FIDIC, kitabu chekundu cha 1999 (masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi). Niandaeje madai bila kudanganya wala kuipunja kampuni?

Kifungu20: Kwanza, notisi ya dai mlitoa? Ni siku 28 tangu mlipojua tatizo; zikipita haki imekufa, hata dai liwe safi namna gani. Maelezo kamili ni ndani ya siku 42, nazo zinahesabiwa kuanzia siku ileile. Na kifungu 1.9 kinataka muwe mlishamwarifu mhandisi ni mchoro upi unahitajika, lini, na kwa nini.

Kisha tenganisha muda na pesa. Kama michoro peke yake ingetosha kusimamisha misingi, ombeni muda wa siku 30 bila woga, ubovu mkiutaja wazi. Pesa dai siku 18. Zile 12 mtambo ungelala hata michoro ingekuwa mezani. (Soma masharti maalumu, yaani yale ya mradi wenu tu; mikataba mingine hubadilisha hili.)

Bei kamili ya kazi ina dizeli ndani yake, na mtambo uliolala haunywi dizeli. Weka uchakavu, bima na mshahara wa opereta, au ankara kama ni wa kukodi. Faida msiiache: 1.9 inairuhusu, kwa kiasi cha haki.

Mama_Saiti: Daftari usiliguse, mdogo wangu. Ubovu umeshaandikwa kwenye ripoti ya mwezi, kwenye risiti za vipuri, na kwa mkaguzi wa mhandisi. Tarehe moja ikigongana, zile siku 18 za kweli nazo zitatiliwa shaka.

Mkadiriaji_Mdogo: Nashukuru sana. Ila bosi atasema mhandisi atakata nusu hata hivyo.

Kifungu20: Hukata pasipo na ushahidi. Kila mstari uambatanishe na karatasi yake. Halafu mwonyeshe bosi kifungu 20.1, cha madai: kiasi kilichothibitishwa huingia kwenye hati ya malipo inayofuata, hata kama dai lote halijaisha. Lililovimbishwa litarudishwa kuulizwa maelezo, na pesa ya siku 18 itakwama nalo.