UZI: Yule dada wa kisiwani na kanga wake, nimechoka

Wakuu, sijalala. Nimemaliza ile filamu ya Waingereza mnayoisifia humu, Archipelago ya 2010, ya kisiwani Tresco, na hasira zimenifika hapa kooni. Yule dada mnamjua, simtaji. Kurudisha kanga aliyepikwa!

Familia imepanga nyumba ya likizo, na mpishi wa kukodi juu. Kazi yao kununiana na kumsubiri baba ambaye haji mpaka majina yanapita. Muziki hamna. Kamera haisogei, nadhani mpiga picha alienda kula akarudi. Kisha wanaingia mgahawani, wanahamahama viti kama wamekalia siafu, halafu yule dada anaonja kanga. Eti hajaiva! Anarudisha! Mimi huku niko na ugali na dagaa wa jana, nikasimama wima.

Na kaka mtu, anayejiandaa kuja Afrika kujitolea, anatutakia nini? Mmekaa meza moja, kanga anadhalilishwa, unaangalia tu. Aje. Nampeleka kwa mama ntilie wa Buguruni arudishe sahani tuone.

KANGA, jamani.

Mzee wa Vibanda: Bando lako, macho yako. Ungesubiri ya Lufufu, yule mtafsiri wetu wa filamu, Mungu amrehemu. Yule hata kimya angekitafsiri.

Binti Chumbageni: Mleta uzi una njaa, siyo hasira.

Kisiki: Mnabeza bure. Kaka mtu ni Tom Hiddleston, Eton kasoma kweli. Mama aliyeongoza filamu kasoma West Heath, shule aliyosoma Princess Diana. Kisiwa chenyewe familia moja imekipanga tangu 1834. Hao wanajianika wenyewe, ndiyo utamu wake.

Mleta uzi: Sijauliza shule. Nimeuliza kanga kakosa nini.

Msafwa Mpole: Kanga mwenye damu hata mimi narudisha. Na chenji nadai.

Shemeji Mkorofi: Afadhali nyie mnaona kwenye filamu. Bosi wangu anampigia mlinzi simu atoke getini aje amsogezee rimoti. Rimoti iko mezani. Na mshahara tunaupata tarehe 12.

Binti Chumbageni: Tarehe 12 unalalamika? Sisi wa mwezi juzi bado tunaambiwa "uko kwenye mchakato".

Msafwa Mpole: Shemeji, huko kwenu nafasi zipo? Hata hiyo ya kusogeza rimoti.

Shemeji Mkorofi: Njoo PM.