Injini ya "Mount Shengena" ilifikaje Nairobi?

Mpare_wa_Chome aliuliza:
Wakuu, habari za jioni. Nilikwenda Nairobi kwenye harusi, shemeji akanipeleka makumbusho ya reli ili tusubiri foleni ipungue. Nimekuta dude la rangi ya maruni, refu ajabu, namba 5930, ubavuni limeandikwa MOUNT SHENGENA. Nikasimama kama nimeitwa jina. Shengena ni mlima wetu wa Upare Kusini, Same, na hata Watanzania wengi hawaujui. Nani aliipa injini ya Kenya jina hilo? Iliwahi kufika kwetu? Na mbona umbo lake halifanani na gari moshi la kwenye picha: boila iko katikati, matangi mbele na nyuma? Mwenye kujua anieleweshe, ila mimi si mhandisi.

FundiMuthurwa:
Karibu kijana. Niliingia karakana ya Nairobi kama mwanagenzi miaka ya sabini, na hizo injini nimezipaka grisi hadi kucha zikawa nyeusi.

Tuanze na jina. Hiyo ni injini ya mvuke ya aina iitwayo Garratt, daraja la 59, yaani kundi la injini za muundo mmoja. Zilitengenezwa 34, kiwanda cha Beyer Peacock kule Gorton, Manchester, zikaletwa 1955 na 1956. Namba zilianza 5901 na kuishia 5934, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki yote, kwa kuwa tangu 1948 reli ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa shirika moja. Ya kwanza Mount Kenya, 5902 Ruwenzori, 5928 Kilimanjaro. Sasa milima 34 si mchezo. Ile mikubwa haikutosha, wakaingia kwenye Suswa, Gelai, Shengena yenu, na ya mwisho kabisa wakaiita Menengai Crater. Milima iliwaishia, wakachukua shimo!

Kufika kwenu, sahau. Kila ekseli ya magurudumu ya kusukuma ilibeba tani 21, na reli za Tanganyika zilikuwa nyepesi mno kwa uzito huo. Kazi yake ilikuwa Mombasa–Nairobi. Baada ya vita vya pili mizigo ilirundikana bandarini Kilindini, na njia ya kuipandisha bara ilikuwa moja tu: kilomita 530 hivi, unaanzia baharini unaishia zaidi ya mita 1,600 juu. Treni zikiwa nyingi zinasubiriana stesheni, basi dawa ni kuifanya kila treni iwe nzito zaidi. Daraja la 59 lilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko huo.

Umbo lake: Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, ndiye aliyelibuni na kulisajili mwaka 1907. Injini ya kawaida boila yake, lile pipa la kuchemshia maji, hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo tanuri la moto linabanwa. Garratt akachukua injini mbili, akaziweka mbali, kisha boila akaitundika katikati kwenye fremu iliyoegemea pande zote mbili, mfano wa machela na wabebaji wawili. Chini ya boila hakuna gurudumu. Unaweza kuinenepesha na kulishusha tanuri upendavyo. Boila ya 59 ina kipenyo cha karibu mita 2.3, na reli yenyewe ina upana wa mita moja tu. Hebu fikiria! Na kwenye kona, injini ya mbele inageuka kivyake na ya nyuma kivyake. Mita 31 na ushei za chuma zinapita kona kama hakuna kitu.

Juma_Kiwandani:
Mzee, shikamoo. Naheshimu maelezo, lakini sishawishiki. Kama unataka nguvu ya injini mbili, si ungefunga injini mbili za kawaida tu? Moja ikifa nyingine inakuvuta hadi stesheni. Hiyo yenu ikifa, treni nzima imelala Tsavo na simba wake.

FundiMuthurwa:
Marahaba. Swali zuri, na hapo kwa kuharibika umenibana. Mvuke ulitoka boila iliyotulia kwenda kwenye silinda nne zilizo kwenye zile injini mbili zinazogeuka, kwa hiyo mabomba yalihitaji viungo vya kuzunguka, na viungo hivyo vikichakaa vinavuja. Asubuhi ungeiona 59 imesimama shedi, mvuke unaitoka chini kila upande, na mkubwa wa zamu anauliza kwa nini haijatoka.

Lakini piga hesabu. Injini mbili ni madereva wawili, mafayaman (watunza moto) wawili, matanuri mawili. 59 ilikuwa na dereva mmoja na fayaman mmoja kwa tani 252 za mashine. Pia uzito: ekseli ziko 14, nane kati yake zinasukuma, na mzigo umetandazwa kwenye urefu wote badala ya kukandamiza daraja la mto sehemu moja. Kenya haikuanza kujaribu na hizi. Garratt za kwanza zilifika huku 1926.

Hiyo si kusema hazikuwa na tabia zake. Matangi ya maji yako juu ya magurudumu. Maji yakipungua uzito unapungua, na magurudumu yanaanza kuteleza, hasa reli ikiwa na umande.

MwanaChangamwe:
Babu yangu mzaa mama alikuwa fayaman kwenye hizi. Watu hudhani alikuwa akitupa makaa kwa sepetu. Wapi! Ilikuwa ni mafuta mazito, meusi, lazima yapashwe moto kwa mvuke ndiyo yatiririke. Kazi yake ni valvu na macho: moshi ukiwa mweusi unapoteza mafuta, usipouona kabisa huenda unaingiza hewa baridi nyingi. Alitafuta rangi ya kijivu hafifu. Na kila baada ya muda alirusha mchanga tanurini, mvuto wa hewa unaupitisha kwenye mirija, unakwangua masizi, halafu dohani inatapika wingu zito. Akina mama wa Mtito Andei walioanika nguo walikuwa na matusi maalumu kwa ajili ya hilo.

Safari ile ndefu walikwenda makundi mawili. Bwana mmoja na mwenzake kwenye injini, wengine wawili wamelala kwenye behewa lao nyuma, kisha wanapokezana. Madereva wengi siku za ukoloni walikuwa Masingasinga, Mwafrika akiwa fayaman. Babu akasema alijua kuendesha muda mrefu kabla ya kupewa usukani wenyewe. Hilo alilisema bila kucheka.

Juma_Kiwandani:
Hapo ndipo ninaposita tunapoimba sifa za injini za mkoloni. Hata majina hayo ya milima, si ni Muingereza aliyechagua?

FundiMuthurwa:
Ni yeye. Ila jua kwamba alikuwa na mpango mwingine pia. Daraja la 60, Garratt ndogo za reli nyepesi, zilipewa majina ya magavana: Sir huyu, Sir yule. Uhuru ulipokuja vibao vya magavana viling'olewa. Vya milima vikabaki, maana nani angegombana na Shengena?

Kilichoziondoa ni dizeli. Zilianza kuingia 1960, na Garratt kubwa zaidi iliyokuwa ikichorwa, daraja la 61, haikujengwa kabisa. Jumuiya ikavunjika 1977, shirika likagawanywa, na kufikia 1980 daraja la 59 lilikuwa limekwisha kazi. Nyingi zilikatwa vyuma chakavu. Zimebaki mbili, zote hapo makumbusho: 5930 yako na 5918, Mount Gelai.

Mpare_wa_Chome:
Subiri mzee. Gelai si ule mlima wa kwetu pia, karibu na Ziwa Natron?

FundiMuthurwa:
Ndiyo huo. Kati ya 34, zilizonusurika Kenya ni za milima ya Tanzania zote mbili. Msianze kudai zirudishwe.

Ukirudi, usiishie kupiga picha ubavuni. Chuchumaa pale fremu ya boila inapokalia injini ya mbele, utaona kikalio cha egemeo lenyewe. Hapo ndipo tulipokuwa tukitumia muda mwingi na bunduki ya grisi, na ukiangalia vizuri utaelewa yote niliyoandika hapa kwa dakika moja.