Tupeane uzoefu: muziki wa granji ulikufikiaje?

Ndugu zangu, naanza mimi. Nilifika Seattle, Marekani, kusoma Septemba 1991, na kwa kuwa nilikulia Tanga kwenye taarabu na dansi, sikuwa na sikio la granji, ile roki ya Seattle, ambayo magitaa yake yalinguruma chumbani kwa jirani yangu wa bwenini. Mwezi huo huo bendi ya Nirvana ilitoa albamu ya Nevermind, na ilipofika Januari 1992 ilikuwa imeishusha Dangerous ya Michael Jackson kutoka kileleni mwa chati ya Billboard. Nilidhani jirani angesherehekea. Kumbe alinuna kama mtu aliyeporwa, kwa sababu alikuwa akiwafuata tangu Bleach ya mwaka 1989, iliyorekodiwa kwa dola 606 na kutolewa na Sub Pop, kampuni ndogo ya pale pale mjini. Kwake yeye muziki ule, uliochanganya pank na metali nzito, ulikuwa wa kumbi ndogo ambamo kila mtu alimjua mwenzake.

Ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, ni mavazi. Vijana walivaa mashati ya flana ya drafti kwa sababu Seattle ina baridi na mvua, na kwa sababu mashati hayo yalipatikana kwa bei ya chini katika maduka ya nguo kuukuu. Mwishoni mwa 1992 mbunifu Marc Jacobs aliyapandisha jukwaani New York kwa jina la kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, mengine yakiwa ya hariri, kisha akapoteza kazi. Nafikiri hapo ndipo muziki ulipoanza kuwaponyoka wenyewe. Nanyi je, uliwafikiaje?

Mchangiaji wa Nairobi:

Kwangu shati lilitangulia muziki. Mwaka 1994 nilinunua Gikomba shati la mtumba la drafti, kubwa kuniliko, na mwanafunzi mwenzangu akaniambia kwamba nimevaa kama Kurt Cobain, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Akaniazima kaseti iliyonakiliwa, upande mmoja albamu ya Ten ya bendi ya Pearl Jam, upande wa pili Nirvana, ikiwa imechoka kiasi kwamba Kiingereza changu cha shule hakikunisaidia kushika maneno. Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikuwa amekwisha kujiua Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 27. Kwa hiyo nilianza kuupenda muziki huo wakati wenyewe walikuwa matangani.

Mchangiaji wa Mombasa:

Nitapinga kidogo desturi ya kuuzika muziki huu pamoja na Cobain, maana msiba ulitangulia hata umaarufu. Andrew Wood wa Mother Love Bone alifariki Machi 1990 kutokana na heroini, na Stone Gossard na Jeff Ament, waliokuwa naye katika bendi hiyo, ndio walioanzisha Pearl Jam. Layne Staley wa Alice in Chains alikufa mwaka 2002, naye dawa hizo hizo zikiwa zimemwondoa jukwaani miaka mingi kabla. Soundgarden walivunjika 1997. Katikati ya hayo yote makampuni makubwa yalikuwa yakisajili bendi za kuigiza ile sauti ya kukwaruza, nami nilichoka kusikiliza uchungu wa kukodi.

Urithi wa muziki huu nauona darasani, kwa kuwa nafundisha gitaa. Kama walivyofanya Soundgarden katika nyimbo nyingi, uzi mnene unalegezwa kutoka noti ya E hadi D, na kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi tatu nene kinatoa kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Mwanafunzi ambaye vidole vyake havijazoea kujipanga hupiga kitu cha kueleweka siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba wengi hawataki tena kurudi kwenye E, na jirani yangu wa ghorofa ya juu ameshanilalamikia mara mbili.