Wezi wa mizinga ya nyuki Bahati na Subukia ni wafugaji wenzetu, tuache kudanganyana

Wadau, leo sina salamu ndefu. Wameiba tena. Mizinga minne ya Langstroth, ile ya masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine, imebebwa usiku kwenye shamba langu hapa Bahati, Nakuru, upande wa kuelekea Subukia. Imeenda na nyuki wake, na masanduku ya juu yalikuwa yamejaa, asali inasubiri tu kufunikwa nta.

Nimeshaambiwa na kila mtu ati ni vijana wa mtaani wanaotafuta hela ya pombe. Hebu tuongee ukweli. Mzinga mmoja waliuacha, nao ndio ule wenye kundi dhaifu. Mlevi gani anapita gizani akipima uzito wa mizinga na kuchagua? Vikopo vya oili chafu ninavyoweka chini ya miguu ya stendi kuzuia siafu havikumwagika hata kimoja. Kwenye nyasi nimeokota kipande cha sponji ya godoro kimekatwa kwa kisu, kipana sawasawa na mlango wa mzinga. Huyo mtu alikuja na vipimo kutoka nyumbani!

Mwizi wa asali tunamjua. Anachoma tairi au gunia, anavunja masega na kuyatia kwenye ndoo pamoja na majana (watoto wa nyuki) na chavua, anaacha nyuki wameungua wametapakaa chini. Asubuhi unakuta uchafu. Asali yake utaijua ukiionja, ina moshi na uchachu, na kuna watu wanainunua kwenye chupa za soda huku wakisifu ati hiyo ndiyo ya asili. Huyo ni mshenzi, lakini mzinga anakuachia.

Huyu wa pili anataka kundi. Anajua usiku nyuki wote wako ndani na hawaruki, wanatambaa tu. Anaziba mlango, anafunga kamba ya mpira, anapakia kwenye boda na kufika kwake kabla ya mapambazuko, maana anajua mzinga uliozibwa ukipigwa na jua masega yanalainika na nyuki wanakufa kwa joto. Nyuki wetu hawa wa Kiafrika si wa kuchezea, ukimtikisa vibaya anakufuata mpaka jikoni kwako. Anayeweza kubeba mizinga minne bila jirani kusikia hata ukelele mmoja ana suti ya kufugia nyuki, ana bomba la kuwafukizia moshi, na pengine tumekaa naye kwenye semina moja tukinywa chai ya mradi.

Sasa nikaenda kituoni. Sitakitaja. Afisa wa zamu akaniuliza, mbele ya watu, "Mzee, hao nyuki wako utawatambua kwa sura?" Wakacheka wote. Nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi, na kuambiwa nikipata fununu niwapigie. Yaani mimi ndiye mpelelezi.

Na sheria yenyewe inawasaidia kucheka. Someni kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kuhusu wizi wa mifugo. Wametaja farasi, punda, nyumbu, ngamia, mbuni, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, na kifungo kinafika miaka 14. Mbuni, jameni! Nani hapa Bahati ana mbuni? Nyuki hayumo. Kwa hiyo mzinga wako unaangukia wizi wa kawaida wa kifungu cha 275, miaka 3 ikizidi sana, na hiyo ni kama kesi itafika kortini.

Najua mtaanza: weka kufuli, weka kamera. Minyororo nimeona kwa jirani. Walikuta sanduku la chini limefungwa kwenye stendi, wakainua la juu na asali yake wakaenda. Mzinga wa KTBH, ule wa vijiti vya juu, ukiuning'iniza kwa waya utamshinda nyegere, lakini binadamu ana koleo. Kizimba cha chuma kinasaidia, huo ni ukweli. Ila fundi wa kuchomelea anataka pesa inayokaribia bei ya mizinga yenyewe, na mwenye mizinga mitano ataitoa wapi? Kifaa cha GPS ndani ya fremu ya masega ni kizuri kama una mtandao huko mabondeni na unakumbuka kuchaji betri. Ua wa kaiyaba wenye miiba ni mzuri kuliko vyote hivyo kwa bei, shida ni kuusubiri ukue.

Halafu kuna huyu anayesema "sogeza mizinga karibu na nyumba". Ndugu yangu, una watoto? Una mbuzi wa kufungwa kamba? Kundi likikasirika mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia, anakufa hapo hapo kwenye kigingi. Tunaiweka mbali kwa sababu hiyo, na mbali ndiko mwizi anakopenda.

Kinachoniuma kuliko mizinga ni soko. Mbao fundi atapasua nyingine. Kundi lenye nguvu hulipati hivyo. Unapaka nta kwenye mzinga mtupu, unangoja msimu wa maua, nyuki wakija wanaweza kukaa wiki moja na kuhama. Ndiyo maana kuna mtu yuko tayari kununua mzinga wenye nyuki tayari, kwa nusu ya bei, kutoka kwa mtu wa boda saa kumi na mbili asubuhi, na asiulize swali. Wewe unayenunua hivyo, nakuambia bila kupepesa macho, wewe ndiye unayemtuma.

Mkitembelea mwenzenu mkaona rangi mbichi kwenye mzinga wenye nyuki wengi ndani, ulizeni. Mfugaji mwenye akili anapaka rangi mzinga ukiwa mtupu na kuuacha ukauke mpaka harufu iishe. Hii ya kupaka juu ya nyuki ni ya kufuta jina la mtu. Na vikundi vyetu, badala ya kupiga picha na wageni kila mwezi, viwe na daftari: nani ameuza mzinga kwa nani, na alama gani. Chapa ya moto iwekwe kwenye mbao na kwenye kila fremu, si kwenye kifuniko, maana kifuniko kinabadilishwa kwa dakika moja.

Mizinga yangu ilikuwa samawati, ingawa sasa hivi huenda ni ya rangi nyingine. Kila fremu imechomwa alama mahali ambapo huwezi kuiona bila kuitoa na kuigeuza. Alama yenyewe sitaitaja hapa, kwa sababu najua anasoma.