Programu ya DOS ya kutunzia madeni haifunguki kwenye Windows 11: nifanyeje?

Mtunza Stoo, Kirumba

Ndugu wanajukwaa, natunza hesabu za duka la nyavu, kamba na vipuri vya injini za mitumbwi karibu na soko la Mwaloni, Mwanza. Tangu miaka ya tisini madeni ya wavuvi wetu yanaingizwa katika programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) tuliyoandikiwa na mtaalamu ambaye sasa ni marehemu. Mwezi uliopita umeme ulikatika, na uliporudi ukaunguza pawa saplai ya kompyuta yetu ya zamani yenye Windows XP, ingawa diski yake ilipona. Tumenunua kompyuta mpakato yenye Windows 11, nikahamishia folda nzima, lakini kila nikibofya programu naambiwa kwamba haiwezi kufanya kazi katika kompyuta hii, hata nilipochagua iendeshwe kama ilivyokuwa katika XP. Ndani ya folda naona faili la EXE na mengi ya DBF na NTX. Wavuvi wa dagaa huja kulipa mbalamwezi inapong'aa na mitumbwi kutulia ufukweni, nami sina namna ya kumwonyesha mtu deni lake. Naombeni msaada.

Fundi wa Nyegezi

Pole sana, ndugu. Programu yako haijaharibika. Programu za DOS ni za biti 16, yaani za kizazi cha kompyuta za zamani, na prosesa inapoendesha mfumo wa biti 64 huifunga ile njia ya ndani ambayo Windows ya biti 32 iliitumia kuziendesha; kwa hiyo chaguo ulilojaribu, ambalo hubadilisha hasa namna Windows inavyojitambulisha kwa programu, haliwezi kurudisha kitu ambacho hakipo. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32, lakini Windows 11 haina.

Tumia programu inayoigiza kompyuta ya DOS. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na haishughuliki na printa, kwa hiyo chukua DOSBox-X, ambayo ni ya bure na inaweza kupeleka uchapaji kwenye printa ya Windows. Ina faida nyingine: unaweza kuipunguzia kasi, kwa sababu baadhi ya programu za zama zile hugoma kwenye prosesa yenye kasi kubwa na kutoa kosa la kugawanya kwa sifuri.

Dada wa Igoma

Naheshimu maelezo ya fundi, ila mimi ningeanza kwingine. Kabla ya kujaribu lolote, nakili folda hiyo kwenye flashi mbili na uiweke moja mbali na duka, kwa maana programu inaweza kuandikwa upya lakini orodha ya madeni haiandikiki upya. Faili za DBF ndizo zenye kumbukumbu zenyewe. NTX ni faharasa tu za kutafutia kumbukumbu hizo, na zinaashiria kwamba programu iliandikwa kwa Clipper, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Fungua nakala ya DBF kwa LibreOffice Calc, programu ya majedwali, nawe utaona majina na kiasi katika safu, hata kama programu haijafunguka. Usihifadhi chochote juu ya faili lile lile, kwa kuwa muundo wa safu unaweza kubadilika na faharasa zisioane tena na kumbukumbu. Hifadhi kwa jina jingine.

Mzee wa Capri Point

Kuna njia ya tatu, yaani kuweka XP ndani ya kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) kwa programu ya VirtualBox. Inafaa kwa programu za Windows za zamani, lakini kwa programu ya DOS pekee naiona ni mzigo usio wa lazima. Atakayeifuata asiiunganishe na intaneti, kwani msaada wa kawaida wa kiusalama wa XP ulikoma Aprili 2014.

Mtunza Stoo, Kirumba

Nawashukuru nyote. Nilianza kwa ushauri wa dada: nakala mbili, kisha Calc, na jioni ile ile nikawa na orodha ya madeni kwenye karatasi. DOSBox-X ilinichukua siku mbili, kwa sababu programu ilikuwa ikitafuta faili zake katika diski C na nilipaswa kuifanya folda ionekane kama diski C kwa amri ya MOUNT. Sasa inafunguka. Printa yetu ya utepe yenye tundu la pini 36 nimeiunganisha kwa waya wa USB. Windows haiioni kama LPT1 (jina ambalo programu za DOS hulitumia kwa tundu la printa), lakini DOSBox-X inapokea kazi ya LPT1 na kuikabidhi kwa Windows, na risiti za nakala tatu zinatoka.

Swali lililobaki kwa dada: je, ukiniandikia programu mpya inayosoma na kuandika DBF hizi moja kwa moja, itanilazimu kutoka kwanza katika ile ya zamani?

Dada wa Igoma

Ndiyo, toka humo kila mara, maana zikiandika zote mbili kwa wakati mmoja faharasa zitavurugika. Nitumie nakala yenye majina ya kubuni badala ya wavuvi wenyewe, nianze nayo.